Kufunga mgodi wa makaa ya mawe: dhamana ya benki, bima, mfuko wa udhamini au ahadi ya kampuni?

Mgodi wa makaa ya mawe ukifungwa huacha kazi za namna mbili. Ya kwanza ina mwisho: kujaza shimo, kulaza miteremko, kurudisha udongo wa juu, kuziba midomo ya mahandaki, kupanda nyasi na miti, kisha kungoja miaka kadhaa kuona kama vimeshika. Ya pili haina mwisho unaoonekana: maji yanayotoka mgodini, ambayo huenda yakahitaji kusafishwa hadi zama za vitukuu. Anayetafuta njia ya kugharimia lazima aanze kwa kuzitenganisha kazi hizi, kwa sababu njia inayoifaa ya kwanza huweza kuiangusha ya pili.

Ulinganisho huu ni wa watu wanaokaa mezani mpango unapojadiliwa: mhandisi wa mgodi, ofisa wa halmashauri, mjumbe wa serikali ya kijiji, mwanasheria wa kampuni ya ubia. Tanzania ina migodi ya chini ya ardhi na ya shimo la wazi. Kiwira, ulioanza 1988, ni wa chini ya ardhi. Ngaka, wilayani Mbinga, ulioanza kuzalisha 2011, ni wa shimo la wazi. Mito ya Songwe na Kiwira, sawa na Ruhuhu, yote humwaga Ziwa Nyasa, kwa hiyo kosa la mgodi mmoja huishia kwenye maji ya watu wengi. Mifano mingi hapa chini inatoka Marekani, Ujerumani na Scotland, maana huko ndiko njia hizi zimetumika muda mrefu kiasi cha nyingine kuvunjika hadharani.

Hesabu huja kabla ya dhamana

Makadirio ya gharama hufanywa kwa njia mbili. Moja huchukua bei za kampuni yenyewe: malori yake, mafuta yake, mafundi waliokwisha ajiriwa. Nyingine huuliza serikali ingelipa kiasi gani kama ingelazimika kuita mkandarasi wa nje kesho asubuhi, mitambo yote ikiwa imeshauzwa na mfilisi. Tumia hii ya pili. Dhamana hudaiwa siku ambayo kampuni haipo, na siku hiyo bei za kampuni hazimsaidii mtu. Ongeza basi gharama ya kuleta mitambo na kuirudisha, usimamizi wa mhandisi, kodi, akiba ya dharura na mfumuko wa bei hadi mwaka wa kazi.

Sehemu kubwa ya bili ni mita za ujazo. Tuseme shimo linahitaji kifusi m³ 2,000,000. Ukikosea dola 1 kwa kila mita, umekosea dola 2,000,000. Kosa hili mara nyingi hutoka kwenye umbali. Tingatinga husukuma kifusi kwa bei nafuu hadi kama mita 100. Zaidi ya hapo unahitaji ekskaveta na malori, na bei hupanda kwa kishindo. Chora ramani inayoonyesha kila lundo linakwenda shimo gani na kwa umbali gani. Umbali wa wastani wa eneo zima utakudanganya.

Kumbuka pia kwamba mwamba ukivunjwa huvimba, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30. Tabaka la makaa la mita 3 likiwa chini ya mwamba wa mita 30, mwamba huo ukivimba asilimia 20 tu unakuwa mita 36, wakati nafasi uliyonayo ni mita 33: shimo litajaa na kifusi kitabaki. Katika bonde la Powder River, Wyoming, hali ni kinyume. Matabaka ya makaa huko hufika mita 20 hadi 30, hivyo hata kifusi chote kikirudishwa, ardhi hubaki chini kuliko ilivyokuwa. Hesabu hii ndogo huamua kama kuna uwezekano wa kujaza shimo au mnajadili ziwa bila kujijua.

Kosa jingine ni kukadiria hali ya siku ya mwisho ya ratiba, ambapo mchoro unaonyesha nusu ya shimo imeshafukiwa. Kampuni hazifilisiki kwa kufuata ratiba. Kadiria mwaka ambao shimo liko wazi zaidi na malundo ni makubwa zaidi, na uirudie hesabu kila ramani ya uchimbaji inapobadilika. Scotland ililipia somo hili mwaka 2013. Scottish Coal ilipofilisika, halmashauri ya East Ayrshire ilikuta pengo la zaidi ya pauni milioni 130 kati ya kazi iliyobaki na dhamana zilizokuwepo. Ujazaji ulikuwa umeachwa nyuma na uchimbaji, na viwango vya dhamana havikuwa vimeufuata ukubwa wa mashimo.

Kwa mgodi ambao bado unachimba, hakuna akiba inayozidi kujaza nyuma ya uchimbaji: lori linatoa kifusi kwenye ukanda mpya na kukimwaga moja kwa moja kwenye ukanda uliomalizika. Kifusi kinachopitia lundo la muda hubebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Mgodi unaofanya hivi una deni dogo wakati wowote, kwa hiyo hata dhamana yake ni ndogo.

Kujaza au kuacha ziwa

Ziwa huvutia kwa sababu hupunguza m³ za kubeba. Wenye uzoefu mkubwa nalo ni Wajerumani wa mashariki, ambako kampuni ya umma LMBV imekuwa ikigeuza mashimo ya lignaiti (makaa laini ya kahawia) kuwa maziwa tangu miaka ya 1990, kwa mabilioni ya yuro kutoka serikali kuu na majimbo. Huko hakukuwa na la kufanya, maana kifusi hakikutosha. Walichogundua ni kwamba mzigo wa gharama uliondoka kwenye malori ukahamia kwenye kingo. Mchanga uliomwagwa ukiwa mlegevu hugeuka uji maji ya ardhini yanapopanda, na kabla ya kujaza maji lazima ushindiliwe kwa mitetemo, mita nyingi kwenda chini. Tarehe 18 Julai 2009, kijijini Nachterstedt, ukingo wa shimo lililokuwa likijazwa maji uliporomoka pamoja na nyumba, na watu 3 walifariki.

Shida ya pili ni kemia. Shimo likiachwa lijazwe na maji ya ardhini peke yake huchukua miongo, na maji hayo hupita kwenye kifusi chenye pairiti (madini ya chuma na salfa) yakaja na asidi na chuma. Ndiyo maana wanapendelea kulijaza haraka kwa maji ya mto: shinikizo la maji hushikilia kingo, na asidi hupungua makali. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania hilo lina maana ya kuchota wakati wa mvua tu, Novemba hadi Aprili, kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Gharama ya pampu na miaka ya kungoja viingie kwenye makadirio. Penye mvua chache, ongeza mvukizo, ambao huacha chumvi na kushusha kina cha ziwa mwaka hadi mwaka.

Kwa ufupi, penye tabaka jembamba jaza. Ziwa lichaguliwe pale tu hesabu ya kifusi inapolazimisha na vipimo vya miamba vinaporuhusu. Na likichaguliwa, dhamana yake isiachiwe maji yanapofika kiwango. Iachiwe ubora wa maji na utulivu wa kingo vinapothibitishwa kwa miaka mfululizo.

Kwa mgodi wa chini ya ardhi chaguo ni la kuziba. Mlango mkavu huzibwa kwa ukuta wa zege na kifusi nyuma yake. Mlango unaotoa maji haufai kuzibwa hivyo: maji yakipanda mita 30 nyuma ya ukuta, yanasukuma kwa takriban kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, na siku ukuta ukiachia hutoka tope lote kwa mara moja. Weka bomba lenye mkunjo wa maji chini ya ukuta, ili maji yatoke lakini hewa isiingie. Hewa ndiyo inayozalisha asidi, na ndiyo inayolisha moto. Moto ulioanza 1962 chini ya mji wa Centralia, Pennsylvania, bado unawaka.

Nyasi au miti

Hapa fedha hupotea kwa bidii ya kupita kiasi. Mkandarasi anataka ardhi ionekane laini, hivyo tingatinga hupita mara 5 au 6 juu ya udongo uliorudishwa mpaka unakuwa kama barabara. Nyasi zitaota, ofisa ataridhika, na miti haitakua. Njia ya misitu inayotumika milima ya Appalachia hutaka kinyume: angalau mita 1.2 ya udongo au mwamba uliooza, uliomwagwa na kusawazishwa kwa pito moja tu, nyasi chache zisizoshindana na miche, na mchanganyiko wa miti inayowahi kukua na ile ya mbao. Kama ardhi imeshashindiliwa, ichanwe kwa reki ya tingatinga kufuata kontua (mistari ya usawa mmoja wa mwinuko) kabla ya kupanda.

Eneo la malisho linatosheka na udongo wa juu wa sentimita 15 hadi 30 na mteremko usiozidi 1 kwa 3. Nyasi ya Rhodes na jamii za mikunde hushika haraka zikipandwa mvua za kwanza. Kazi ya udongo imalizike Oktoba. Mteremko ulio uchi mwezi Januari utakuwa na makorongo Machi. Udongo wa juu ulioachwa kwenye lundo refu kwa miaka hupoteza uhai wake, basi malundo yawe mafupi, yapandwe nyasi, na yawekwe alama ili mtu asiyageuze kuwa kifusi cha barabara. Mikaratusi hatuishauri kama zao pekee. Hunywa maji mengi na chini yake udongo hubaki wazi kwa mmomonyoko.

Maji: kipimo kinachoamua mfuko

Sampuli za miamba zipimwe kabla ya kuandika mpango, kwa kulinganisha asidi inayoweza kuzalishwa na uwezo wa mwamba kuizima. Kila tani ya mwamba yenye salfa ya pairiti asilimia 1 inahitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti. Kwa tani 1,000,000 za kifusi cha namna hiyo ni tani 31,250 za mawe ya chokaa. Uwezo wa kuzima ukiwa mara 2 au zaidi ya asidi, kwa kawaida uko salama. Chini ya 1, jiandae kwa maji machungu. Katikati, fanya majaribio marefu zaidi. Mwamba mbaya utengwe wakati wa kuchimba na kufukiwa mahali ambapo utabaki chini ya maji daima au ndani ya mfuniko wa mfinyanzi. Kuutenga siku unapochimbwa kunagharimu kidogo. Kuufuata miaka 10 baadaye ndani ya shimo lililojazwa hakuna anayekumudu.

Kama maji machafu hayaepukiki, kuna kusafisha kwa njia tulivu na kusafisha kwa mtambo. Njia tulivu hutumia mabwawa, mboji na mawe ya chokaa bila umeme. Kwa maji ambayo yameshapoteza asidi lakini yana chuma, kipimo cha kawaida ni gramu 10 za chuma kwa kila m² ya kinamasi kwa siku pale ubora unapodaiwa na sheria, au 20 pale unapotaka nafuu tu. Chemchemi ya lita 5 kwa sekunde yenye chuma miligramu 50 kwa lita hutoa kilo 21.6 za chuma kwa siku, hivyo inahitaji m² 2,160. Maji yenye asidi yapitishwe kwanza kwenye chokaa. Lakini mtaro wa chokaa uliofukiwa hufaa tu kwa maji yasiyo na oksijeni wala alumini. Vikiwemo, mawe hupata ganda la kutu au huziba, na ndani ya miaka michache maji hutoka yalivyoingia. Hapo tumia bwawa lenye mboji juu ya chokaa, ukijua kwamba mboji itabadilishwa.

Mtambo wa chokaa ya unga na tangi la kutulizia tope huhimili asidi kali na mtiririko mkubwa, lakini unataka umeme, mwendeshaji, chokaa kila wiki na shimo la tope. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: mtambo wa eMalahleni, Mpumalanga, husafisha maji ya migodi ya makaa tangu 2007 hadi kuwa ya kunywa na kuyauzia manispaa. Mapato hayo husaidia. Hata hivyo, mpango usijengwe juu ya mapato ya kuuza maji mpaka mnunuzi awe amesaini.

Pima mtiririko miezi 12 mfululizo kwa uchache. Mfumo uliopangwa kwa kipimo cha Septemba hufurika Machi.

Njia za fedha, moja kando ya nyingine

| Njia | Fedha ziko wapi | Mzigo kwa kampuni | Huvunjika vipi |
|---|---|---|---|
| Dhamana ya benki | Benki huahidi kulipa | Ada ya kila mwaka na rehani | Muda kwisha bila kuhuishwa |
| Dhamana ya bima | Kampuni ya bima | Ada, mara nyingi rehani pungufu | Bima kubishana au kuanguka |
| Akaunti ya amana au mfuko wa udhamini | Nje ya kampuni, tayari | Mtaji hufungwa | Mgodi kufungwa kabla haujajaa |
| Ahadi ya kampuni yenyewe | Hakuna | Karibu bure | Kampuni kufilisika |
| Mfuko wa pamoja wa wachimbaji | Tozo za wote | Ndogo kwa kila tani | Kampuni kubwa moja kuuangukia |

Kanuni za Tanzania za 2010 kuhusu usalama, afya na mazingira migodini zinadai mpango wa kufunga mgodi pamoja na dhamana ya ukarabati, na zinakubali akaunti ya amana, dhamana ya bima na dhamana ya benki. Kwa hiyo swali la hapa ni ipi na kwa kazi gani.

Tuanze na ile tunayoikataa. Ahadi ya kampuni yenyewe ni karatasi inayosema kwamba kampuni ni kubwa mno kushindwa kulipa. Wyoming iliikubali kwa miaka mingi kutoka kwa wachimbaji wakubwa kabisa. Alpha Natural Resources ilipoomba ulinzi wa ufilisi Agosti 2015, ahadi zake katika jimbo hilo zilikuwa dola milioni 411, na jimbo lilijipatia kipaumbele cha dola milioni 61 tu katika mali ya kampuni. Arch Coal ikafuata Januari 2016, Peabody Aprili 2016. Mashimo hayakutelekezwa kwa sababu kampuni ziliendelea kuchimba na baadaye zikaweka dhamana nyingine, lakini hakuna mpango unaofaa kutegemea bahati hiyo. Mwaka 2019 Wyoming ilikaza masharti. Ubovu wa ahadi hii uko kwenye majira yake: inaporomoka bei ya makaa inaposhuka, yaani mwaka uleule inapohitajika.

Dhamana ya benki ndiyo chaguo letu kwa kazi zenye mwisho. Ubora wake wote uko kwenye maneno. Isomeke kwamba benki italipa kwa dai la kwanza la maandishi, bila hukumu ya mahakama wala ridhaa ya kampuni. Ijihuishe yenyewe kila mwaka. Benki ikitaka kujitoa, itoe notisi ya siku 90 au zaidi, na kampuni ikishindwa kuleta mbadala ndani ya siku 60, mnufaika, yaani serikali, aruhusiwe kuchukua fedha zote na kuziweka kwenye akaunti ya amana. Bila kipengele hicho cha mwisho utajikuta na dhamana halali hadi Desemba na shimo lililo wazi Januari. Itazameni pia benki yenyewe: ikiwa ndiyo mkopeshaji mkuu wa mgodi, matatizo yatawafika siku moja.

Dhamana ya bima hufanana nayo, na kwa kampuni yenye mizania nzuri huwa nafuu kwa kuwa haifungi mtaji mwingi. Tofauti hujitokeza wakati wa kudai. Bima hupenda kuchunguza kwanza kama kosa limetokea, na inaweza kuchagua kufanya kazi yenyewe badala ya kulipa. Hilo si baya kama mkataba unataja muda: siku ngapi za kuamua, siku ngapi za kuanza kazi. Bima isiyokubali maneno ya dai la kwanza ihesabiwe kuwa daraja la pili.

Zote mbili hazifai kwa maji yasiyo na mwisho. Benki na bima hupima hatari yenye tarehe ya kwisha. Ukiwaambia deni ni la milele, watakataa au watapandisha ada mpaka ikose maana. Hapo ndipo mfuko wa udhamini unapoingia, kama Pennsylvania inavyofanya kwa maji ya migodi ya makaa: mtaji hukaa chini ya wadhamini, huwekezwa, na faida ndiyo inayolipa chokaa na mwendeshaji.

Ukubwa wake ni hesabu nyepesi yenye meno. Tuseme usafishaji unagharimu dola 300,000 kwa mwaka. Faida halisi, baada ya kutoa mfumuko wa bei, ikiwa asilimia 3, mfuko unahitaji dola 10,000,000. Ukijipa asilimia 5, ni 6,000,000. Pointi mbili za matumaini zimefuta dola milioni 4, na ndiyo sababu mabishano mengi kati ya kampuni na serikali huwa juu ya asilimia hiyo wakati chokaa na pampu zinapita bila neno. Simama kwenye 3. Kisha ongeza kubadilisha mtambo: dola 2,000,000 kila baada ya miaka 25, kwa asilimia 3, hutaka karibu dola 1,830,000 leo. Jumla ni kama 11,830,000. Sarafu ya mfuko ifanane na sarafu ya matumizi: mishahara ni shilingi, pampu na vipuri ni dola.

Kampuni itasema haiwezi kuweka fedha zote hizo siku ya kwanza, na mara nyingi ni kweli. Mgodi wa tani 400,000 kwa mwaka kwa miaka 15 utatoa tani 6,000,000, hivyo dola 1.97 kwa tani hujaza mfuko hata bila kuhesabu faida. Hatari ni mgodi kufungwa mwaka wa 5, mfuko ukiwa na dola 3,940,000 tu. Tiba yake ni kuunganisha njia mbili: dhamana ya benki ya dola 7,890,000 kwa pengo lililobaki, inayopunguzwa kila mwaka kadiri mfuko unavyokua. Muunganiko huu ndio tunaoupendekeza kwa mgodi wowote ambao vipimo vya miamba vimeonyesha asidi.

Mfuko wa pamoja, ambapo kila mchimbaji hulipa tozo ndogo, unavutia penye wachimbaji wengi wanaokaribiana ukubwa. Pennsylvania iliuacha mfumo wa namna hiyo 2001 ikahamia dhamana ya gharama kamili, kwa sababu tozo hazikufikia madeni. Nchi yenye migodi michache ya makaa, ambayo mmoja au miwili huzalisha sehemu kubwa, haina watu wa kugawana hatari.

Migodi iliyokwisha achwa

Hapa hakuna kampuni ya kudaiwa, na njia ni mbili. Marekani, kwa sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977, hutoza kila tani inayochimbwa sasa ili kukarabati ardhi iliyoachwa kabla ya tarehe hiyo. Tozo ilianza kwa senti 35 kwa tani ya shimo la wazi na 15 kwa tani ya chini ya ardhi. Tangu 2021 ni senti 22.4 na 9.6, na Bunge la Marekani likaongeza dola bilioni 11.3 za bajeti, kwa kuwa makaa yanapungua na tozo nayo inapungua. Migodi ya baada ya 1977 haiingii katika tozo hiyo. Hutegemea dhamana zake yenyewe.

Ujerumani, kwa migodi ya chini ya ardhi ya maeneo ya Ruhr na Saar, iliunda RAG-Stiftung mwaka 2007. Taasisi hiyo ilipewa hisa za kampuni ya kemikali, Evonik, miaka 11 kabla ya mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, kufungwa Desemba 2018. Tangu 2019 hulipia kusukuma maji ya migodi na kukausha maeneo yaliyodidimia, kazi ambazo Wajerumani huziita za milele. Imewezekana kwa sababu mali yenye faida ilihamishwa mapema. Nchi inayotaka kuiga ianze mgodi ungali na faida. Kwa mgodi uliokwisha simama, chaguo linalobaki ni tozo kwa migodi hai au bajeti ya serikali.

Kuchagua njia, kisha kuiachia dhamana

Mgodi wa wazi, miamba isiyo na asidi: dhamana ya benki peke yake. Mgodi wa wazi wenye asidi: dhamana ya benki kwa udongo, na mfuko wa udhamini unaojazwa kwa tani kwa maji. Mgodi wa chini ya ardhi wenye midomo mikavu: dhamana ya benki au bima, pamoja na kiasi cha kufidia ardhi itakayodidimia. Wa chini wenye maji: mfuko kwanza, hata kama mengine yatachelewa.

Sheria ya Marekani huachia hadi asilimia 60 ya dhamana baada ya kujaza, kusawazisha na kuweka mitaro; sehemu nyingine mimea inaposhika; iliyobaki hushikiliwa miaka 5 tangu upandaji wa mwisho mkubwa, au miaka 10 penye mvua isiyozidi milimita 660 kwa mwaka. Mpangilio huo unafaa kuchukuliwa, kwa marekebisho mawili. Kiasi kinachobaki baada ya hatua ya kwanza kitoshe kumlipa mkandarasi mgeni arudie upandaji wote na kuziba makorongo, hata kama ni zaidi ya asilimia 40. Na ukaguzi wa kuachia ufanyike Machi au Aprili, maji yakiwa yanatiririka, mwakilishi wa kijiji akiwepo na sampuli za mto zikichukuliwa siku hiyohiyo juu na chini ya mgodi.